Kibuyu Chini ya Redio

Kuna jambo ambalo Donatus hakulipatia jibu hata nywele zilipogeuka mvi. Bahasha ilifungwa kwa lakiri, ikawekwa ndani ya sefu ya chuma, na ufunguo ukakaa kiunoni mwa Mzee Hozefa. Ilipofunguliwa mbele ya macho yake, mistari mitano ya daftari lililokuwa ndani ilikuwa imekwisha kukatwa kwa wino wa kijani. Nani aliingia humo na kalamu?

Mwaka ule, tisini na sita, simu za Geita zilikuwa za kubahatisha. Aliyeuza dhahabu na kutaka mkewe apate fedha Kagongwa alikwenda dukani kwa Mzee Hozefa, akalipa pale, kisha Donatus akaita kwa redio koli, na mke akapewa upande wa pili. Shida ni kwamba kila mwenye redio alisikia. Kwa hiyo Donatus alibuni maneno yake ya siri. Sato alikuwa laki. Mvua ilikuwa lipa sasa. Kila kituo alikifundisha machache. Yote aliyajua yeye peke yake. Miaka saba wafanyabiashara walimsubiri hata alipougua, na Bernadina, mchuuzi wa samaki kutoka Nkome, hakukosa kumchagulia sato aliyenona.

"Wewe ndiye mlango wetu," alikuwa akimwambia. "Ukifungwa, sote tunalala nje."

Kisha akaja Mbuke, karani wa duka la Vinod kule Kagongwa. Alitumwa Geita wiki mbili. Alikuwa na kitambaa cha buluu alichokiweka mbele ya kinywa cha redio kwa ajili ya vumbi.

"Shikamoo, Baba Esta," alimwamkia Donatus asubuhi ya kwanza.

"Marahaba."

Baada ya chai aliweka mezani daftari mbili zilizofanana, moja ya kila upande. Kila mstari ulikuwa na namba mbili.

"Namba ya kushoto ni Kulwa, ya kulia ni Doto, pacha wake," alisema. "Ukiniita nimlipe mtu, nakutajia Kulwa mmoja. Wewe unanijibu Doto wake. Ukikosea, silipi. Ukipatia, tunawakata wote wawili, hawarudi tena."

"Na mwizi akiujua utaratibu?" Mzee Hozefa aliuliza.

"Aujue tu, Mzee. Tuubandike ukutani. Chato watumie, Nkome watumie, hata mshindani wako atumie. Siri iko kwenye daftari, haimo kichwani mwa mtu."

Mzee Hozefa alicheka. "Donatus, sasa unaruhusiwa kuumwa malaria."

Wote walicheka. Donatus naye alicheka. Chai yake ilipoa mpaka ikafunga utando.

Wiki ile Bernadina alileta sato aliyenona, akampa Mbuke. Hakukusudia ubaya. Hakuna aliyekusudia. Donatus mwenyewe aliona kwamba daftari lile lilikuwa bora kuliko maneno yake, na hapo ndipo palipouma. Ukimwonea wivu asiyestahili, wivu hupoa. Ukimwonea anayestahili, hauna pa kwenda.

Aliiba kile kitambaa cha buluu. Alikipeleka kwa mzee mmoja mchonga mipini ya majembe, aliyejulikana pia kwa uganga, nje kidogo ya mji.

"Unataka afe?" mzee alinong'ona.

"Hapana. Anyamaze tu."

Mzee alikisokomeza kitambaa katika kibuyu kidogo, akaziba kwa nta. "Kaa nacho mwenyewe. Mimi sitaki kukisikia."

Donatus hakulitilia maanani neno hilo. Alikificha kibuyu kwenye sanduku la betri, chini ya meza ya redio.

Jumatatu Mbuke alishika redio, akafungua mdomo. Ilitoka pumzi tu. Hospitali hawakuona kidonda. Kwa kuwa daftari zilikuwa bado hazijafika vituoni, Mzee Hozefa akarudi kwenye maneno ya Donatus, na kwa siku tatu mlango ukawa mlango tena.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua likiwaka, Mbuke alikaa dukani kwenye benchi akisubiri basi la kumrudisha kwao. Begi lilikuwa magotini.

Redio ikaita.

"Geita, Geita. Hapa Mbuke. Ova."

Donatus aligeuka. Mbuke alikuwa amefunga mdomo.

"Sato ni laki," ilisema sauti yake. "Mvua ni lipa sasa."

Iliendelea. Neno moja baada ya jingine, na maana yake. Chato walisikia. Nkome walisikia. Donatus alizima redio. Sauti haikukoma. Aling'oa waya wa betri. Haikukoma.

Sasa ilitaja namba. Kulwa, kisha Doto. Jozi tano.

Mzee Hozefa aliziandika. Katika sefu yake kulikuwa na daftari jipya la Nkome. Namba zake alikuwa ameziokota yeye mwenyewe, kama kura, kutoka kwenye kopo, akaziandika, akafunga bahasha. Mbuke hakuwahi kuziona. Mzee alifungua sefu, akavunja lakiri.

Jozi zote tano zilikuwa sahihi. Zote zilikuwa zimekatwa.

"Amejibu," Mzee alinong'ona. "Kwa utaratibu, anayejibu sawa husikilizwa." Aliiinamia redio iliyozimwa. "Sema, binti yangu."

"Baba Esta," sauti ilisema. "Kitambaa changu."

Kwenye benchi, koo la Mbuke lilipanda na kushuka. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku la betri.

"Donatus?" Mzee Hozefa aliuliza.

Donatus alipiga magoti. Alikitoa kibuyu. Kilikuwa na joto kama shingo ya mtu.

Mzee Hozefa hakumfukuza. Aliamua hivi: maneno ya Donatus yasitumike tena. Utaratibu wa Mbuke ubandikwe katika kila kituo, awe nao yeyote anayeutaka. Mbuke akaomba kalamu, akaongeza sharti moja: sauti ya mtu si ushahidi, hata akiwa mama yako, mwulize Doto. Mzee akamalizia: kibuyu akifungue aliyekifungisha.

Donatus aliivunja nta kwa ukucha. Kitambaa hakikuwamo. Kulikuwa na unyevu tu, kama pumzi juu ya kioo.

Mbuke alikohoa. "Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma, akabeba begi lake.

"Daftari zote utaandika wewe," Mzee Hozefa alimwambia Donatus, "na utazipeleka kwa mkono wako."

Aliziandika. Alizipeleka Kagongwa, Chato na Nkome, mwaka baada ya mwaka. Kila daftari alilolimaliza jioni, asubuhi alikuta mstari wa kwanza umekatwa kwa wino wa kijani. Kalamu ya kijani hakuwa nayo.

Hakumwambia mtu. Aliwaelekeza wa vituoni waanzie mstari wa pili.