Matawi ya Barabarani

Kila siku ya likizo Bonareri alianza kwa kuteka maji mtoni, kisha akaingia shambani kumsaidia mama yake, Loice, kuchuna chai. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mikono yenye kasi. Mdomo wake ulikuwa na kasi zaidi. Ukimwuliza habari za Kisii mjini angekutajia duka moja baada ya jingine, na hali alikuwa amefika huko mara moja tu, tena akiwa mgonjwa wa surua, amefunikwa shuka mpaka machoni.

Asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa 1974, alikuta mto umebadilika. Maji yalikuwa mekundu na mazito, yamepanda mpaka kwenye jiwe la kufulia, na katikati yake ulipita mgomba mzima pamoja na mkungu wake. Wanawake waliokuwa pale hawakupiga soga kama kawaida yao. Walichota haraka wakaondoka. Bonareri naye alichota akaondoka, na alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kusahau, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na jambo lake kubwa.

Jambo lenyewe lilikuwa pikipiki iliyoegemezwa ukutani. Mjomba wake, Machogu, alikuwa amechukuliwa na jamaa kwenda Mombasa tangu akiwa na miaka mitano, na sasa alikuwa fundi bandarini. Huko aliwaona wageni wakikodi pikipiki na kukizunguka kisiwa chote, pwani hadi pwani, akajiuliza yeye anajua nini kuhusu nchi ya baba zake. Basi aliposhuka Kisii alikwenda kwa Bharat, mwenye duka la vipuri, akakodi pikipiki ya siku mbili. Bharat alimwambia kwamba barabara za huku si za lami, na mvua ikianza asishuke mabondeni.

Machogu alihitaji mtu wa kumwonyesha njia. Bonareri alisema anazijua zote, kabla hata hajaulizwa. Mama yake alicheka, akajitwika ndizi zake kwenda soko la Magwagwa. Alisema angerudi jioni kwa lori la Ombui, lililozoea kuwarudisha wanawake wa soko mpaka kijijini.

Safari ilianza vizuri. Walivuka mto ule kwa daraja la mbao lililo chini ya kijiji, na ingawa mbao zilitikisika chini ya magurudumu, walifika ng'ambo salama. Walipita Nyamira, wakapanda mpaka ukingo wa Manga, wakasimama juu ya majabali. Vilima vya chai na migomba vilifuatana mpaka macho yakachoka, na mbali kabisa ziwa lilimeta.  Machogu alisema anaona haya kuwa mgeni kwao.

Walipogeuka, anga ya nyuma yao ilikuwa nyeusi. Radi ililia, na barabara iliyokuwa na watu asubuhi sasa haikuwa na mtu. Mama mmoja aliyekuwa akikokota ndama wake kuelekea barazani aliwapungia mkono warudi. Mvua iliwachapa kwa muda, ikapungua, ukungu ukashuka mahali pake. Machogu aliwasha taa ingawa ilikuwa bado saa kumi.

Walifika njia panda. Barabara kubwa ilizunguka mbali, na humo hakuna aliyemjua Bonareri. Barabara ndogo iliteremka hadi darajani, ikapita mbele ya kanisa ambako rafiki yake Gesare na wasichana wengine walikuwa wakijifunza nyimbo. Bonareri alikuwa amewaambia wamsubiri langoni wamwone akipita juu ya pikipiki.

Lakini katika barabara ndogo palikuwa na matawi. Yalikuwa matatu, makubwa na mabichi, yamekatwa kwa panga na kulazwa barabara nzima. Kila mtoto wa nchi ile anajua maana yake. Usipite, mbele kuna hatari.

Machogu hakujua. Alikulia kwingine. "Haya yamewekwa na nani?" aliuliza.

Bonareri aliukumbuka mgomba uliopita katikati ya maji mekundu. Akamkumbuka pia Gesare langoni. "Ni watoto wachungaji wanacheza, Mjomba," alisema. "Hapa tulipita asubuhi, na daraja ni zima."

Wakayaburuta matawi wote wawili, wakayatupa mtaroni.

Mteremko ulikuwa na utelezi. Ukungu ulizidi, na taa ya pikipiki haikuonyesha zaidi ya hatua tano. Bonareri alijaribu kufikiria sura ya Gesare, lakini sauti ya mto ilimzuia. Ilisikika mapema mno, kabla hata ya kona, tena ilikuwa nzito.  Akamwambia mjomba wake asimame. Injini ilimeza sauti yake. Akaanza kumpiga mgongoni kwa ngumi mbili, analia, mpaka Machogu akakanyaga breki na pikipiki ikaserereka upande.

Gurudumu la mbele lilisimama kwenye ubao wa kwanza. Ubao wa pili haukuwapo, wala wa tatu. Pale palipokuwa na daraja palikuwa na magogo mawili tu, na maji yakipita juu yake.

"Nilijua," Bonareri alisema. "Nilijua maana ya yale matawi."

Machogu alimtazama. Mara walisikia mngurumo mwingine juu ya kilima. Ulikuwa wa lori. Bonareri aliutambua, kwa kuwa kila jioni ya soko aliungojea.

Mama yake alikuwa ndani ya lori lile.

Machogu aligeuza pikipiki, lakini gurudumu la nyuma lilizunguka matopeni bila kwenda. Bonareri hakungoja. Alipanda kilima mbio, akaanguka, akainuka, viatu vikabaki kwenye tope. Kichwani hamkuwa na kitu ila matawi. Aliyafikia mtaroni yakiwa yamelowa na mazito, akavuta moja, akavuta la pili, akayalaza. Alikuwa akilivuta la tatu taa za lori zilipotokea ndani ya ukungu. Lori lilipiga breki, likateleza, likasimama majani yakigusa bampa yake.

Ombui, dereva, alishuka. Machogu akafika akihema na kusema daraja limekatika. Wanawake zaidi ya ishirini waliteremka wakaitazama barabara iliyoingia gizani. Wengine walikaa chini palepale. Bibi mmoja, Persis, alimshika Bonareri kichwa kwa mikono miwili akamwombea kwa Mungu, Nyasae. Loice alimkumbatia binti yake akilia. Ombui alisema Sabato itakapofika atasimama kanisani awaambie watu wote kwamba mtoto huyu ameokoa kijiji.

Maisha yake yote Bonareri alitamani kusifiwa namna hiyo. Sasa kila neno lilimchoma. Alimtazama mjomba wake. Machogu alikuwa amemwachia yeye aseme.

Ndipo mtu mmoja akatokea kwenye ua wa shamba, panga mkononi. Alikuwa Mzee Nyangau, mwenye shamba la pale juu. Aliuliza kwa upole matawi yake yamefikaje mtaroni, maana aliyaacha barabarani, akaenda kumwarifu chifu.

"Hapana shaka ni watoto wachungaji," alisema Ombui. "Nitawatafuta kesho, na nitawachapa mimi mwenyewe."

Ulikuwa ni uongo wa Bonareri mwenyewe, umerudi kwa kinywa cha mtu mwingine. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha.

"Si wao," Bonareri alisema. "Ni mimi. Nilijua maana yake, nikamdanganya Mjomba. Nilitaka wasichana wanione juu ya pikipiki."

 Persis aliondoa mikono yake kichwani mwa Bonareri. Ombui aligeuka akaenda zake kuliangalia gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Bonareri alihisi aibu ambayo hajawahi kuihisi, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwanangu," alisema Nyangau, "nilipoyakata sikujua nani atapita. Niliyaacha yaseme badala yangu, kwa kuwa watu wa hapa huyaamini. Ukisema leo kwamba ni mchezo wa watoto, kesho mwingine atasema hivyo hivyo, na matawi hayatamzuia mtu tena."

Akamwambia akae pale mpaka watu wa chifu wafike, na kila atakayepita amweleze yaliyotokea. Machogu alirudi chini kuikwamua pikipiki, na wanawake walipanda lori likarudi kwa barabara kubwa. Loice hakupanda. Alikaa kando ya binti yake, akamfunika kwa nusu ya shuka yake. Walipita watu sita. Wote sita Bonareri aliwaambia nani aliyaondoa matawi, na sauti yake ilitetemeka mpaka kwa wa mwisho.

Huyo alipokwenda zake, mama yake alisema, "Ndani ya lori tulikuwa tunaimba, Bonareri. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo."

Bonareri alianza kulia.

"Ndiyo sababu ukweli husemwa mapema," alisema Loice. "Anayeuhitaji huwa hajui kwamba anauhitaji."