Noti Zote Saizi Moja

"Leo nimeibiwa mchana kweupe, na mwizi kaniaga kwa heshima zote."

Mkandaji alisema hayo akijifuta mafuta mikononi. Mchumba wake, mchoraji wa noti katika kiwanda cha serikali, ndio kwanza alikuwa anaingia kwenye chumba ambamo mkandaji alifanyia kazi. Tangu Jumatatu alikuwa akiisubiri siku hii kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Umeibiwaje, mpenzi?"

"Nimemkanda mtu mgongo saa nzima. Kanipa noti mpya, kasema elfu kumi. Fundi viatu hapo mlangoni kaiona, kaniambia ni elfu moja."

Mkandaji hakuwa anaona tangu utotoni. Noti za zamani alizijua kwa kuzizungusha kidoleni: ya elfu kumi ilizunguka ikapitiliza, ya elfu moja haikufika. Hizi mpya zilizotoka Jumatatu zote zilikuwa saizi moja, laini, hazina hata mkwaruzo wa kumwambia kitu.

"Si ungeendelea na za zamani kwanza?"

"Zile? Zimechakaa, zinanuka, nusu zimeungwa kwa gundi. Mimi ndiye wa kwanza kutaka zibadilishwe! Nilitaka tu hiyo mpya inijue. Si nilikuomba ukanisemee kwenye kikao?"

"Nilisema. Walinizidi."

Uongo ulimtoka bila kukwama, hata mwenyewe akajiogopa. Ukweli ni kwamba kamati iligawanyika nusu kwa nusu, na sahihi ya mwisho ilikuwa yake. Saizi moja ni nafuu kwa mashine. Wiki iliyofuata akapewa cheo.

"Siku nikimjua aliyepitisha," mkandaji alisema taratibu, "sitamtukana. Nitamwomba afumbe macho aende sokoni."

Akacheka. Mchoraji hakuweza. Harusi ilibaki siku kumi na mbili, na kila siku noti zile zingepita mikononi mwa huyu mwanaume, zikisubiri atokee wa kumwambia ukweli.

Akajikaza kisabuni, akatoa simu, akaandika harakaharaka. Sasa, kwenye simu ya huyu dada kulikuwa na Bosi wawili: mkuu wake wa kazi, na mchumba aliyembatiza jina hilo kwa mahaba. Mahaba hayo ndiyo yaliyomponza.

Simu ya mkandaji ikalia mezani. Ilikuwa imewekwa imsomee kila ujumbe kwa sauti, ile sauti kavu isiyojua aibu ya mtu:

"Bosi, nakuomba, mtu asimwambie mchumba wangu kwamba mimi ndiye niliyesaini noti zilingane. Walau hadi tufunge ndoa."

Nje, nyundo ya fundi viatu ikanyamaza.

"Mpenzi, nisikilize..."

Mkandaji aliigusa simu. Ikasoma tena, yote, mwanzo hadi mwisho.

"Nilifanya kwa ajili yetu! Cheo, nyumba... Nikasema mimi si nipo? Nitakusomea pesa zako maisha yote."

"Hapo ndipo ulipokosea, mama." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha mchoraji kuliko kelele yoyote. "Mimi nilikuwa najisomea mwenyewe."

Machozi yakamtiririka mchoraji. Alimpenda mtu huyu kweli, na uchungu ulikuwa hapo hasa.

"Kesho naenda kuwaambia nilikosea. Zitengenezwe upya. Wanifukuze wakitaka!"

"Nenda. Kawaambie."

"Na sisi je?"

Mkandaji aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti moja, akaikunjua kwa dole gumba.

"Hiyo ni elfu tano," mchoraji akawahi kusema. Na kweli ilikuwa elfu tano.

Mkandaji akaugeuzia mlango uso wake.

"Fundi, samahani. Hii ni ya ngapi?"

"Elfu tano, kaka."

"Ahsante."

Akamnyooshea mchumba wake ile noti.

"Nauli yako."