Kwanza Mama Apumzike

Siku Dunja alipokutana na Ognjen, nusura wapigane. Ilikuwa kwenye zahanati ya mtaa mjini Niš, ukumbi umefurika watu, na kila aliyechelewa akijipenyeza hadi mlangoni kwa neno lile lile: "Nauliza tu!" Anauliza tu, halafu robo saa nzima hatoki. Bi Radojka, mama yake Dunja, alishagombana na watatu mfululizo, uso umemwiva.

"Wewe nesi!" Dunja alifoka, koti lake jekundu likichuruzika maji ya mvua. "Umewekwa mlangoni uwe pambo?"

Kijana yule, Ognjen mwenyewe, akacheka. Mrefu, macho ya kijani, mikono ya shati kaikunja hadi viwikoni. "Pambo zuri lakini, au siyo?"

"Nitolee balaa mie!" Lakini na yeye alishacheka.

Bi Radojka akaingia akihema kwa hasira, akapimwa presha papo hapo: mia na themanini. Daktari Pešić hakuinua hata kichwa. Akaongeza kidonge cha pili. Mwezi uliofuata, foleni ile ile, ugomvi ule ule, kidonge cha tatu.

Huku nyuma mapenzi yalinoga. Dunja alikuwa dereva wa basi la jiji, na Ognjen alipanda kila jioni bila safari yoyote, mradi akae karibu na kiti chake.

"Abiria, mwisho wa njia. Shuka."

"Zungusha tena, kipenzi. Sijashiba kukuona."

Jumamosi moja ya Oktoba, jikoni kunanukia pilipili za kuchoma, Bi Radojka aliinuka kitini, akayumba, akaanguka chini puu! Dunja akampima presha kwa mashine ya nyumbani: tisini na tano. Akampima tena Jumapili, mara tatu, mama katulia: haikufika hata mia na kumi. Akapiga simu.

"Ognjen, mama kaanguka, dawa zenu zimemshusha presha mno! Mnampima akitoka kugombana, bado anahema. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza?"

"Dunja wangu, mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Pešić akisema neno moja tu..."

"Mama angevunjika shingo! Usinipigie tena."

Akakata simu, akalia kwa uchungu. Alimpenda mwoga yule, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumatatu asubuhi alimpeleka mama yake kwa Pešić, akasimama mbele ya meza.

"Hapimwi sasa hivi. Kwanza apumzike dakika kumi."

"Nani daktari hapa? Mimi au dereva wa basi?"

"Ni wewe, ndiyo maana nakuuliza wewe. Kwa dawa hizi tatu unamtibu mama yangu, au unatibu foleni yako? Hatutoki mpaka unijibu."

"Ognjen! Watoe nje!"

Ognjen akaenda mlangoni. Dunja hakumtazama, moyo ulishamvunjika. Kichwa cha mtu kikachungulia: "Nauliza tu..."

"Leo hapaulizwi!" Ognjen akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta kiti. "Kaa, mama. Egemea. Usiseme neno."

Dakika kumi zilipita, daktari akigongagonga kalamu. Kisha Ognjen akapima. "Mia na nne. Andika, daktari. Nimepima mimi."

Pešić alisoma karatasi ya vipimo vya nyumbani aliyopewa na Dunja, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Bi Radojka usoni. Hakuomba radhi, thubutu! Alifuta kidonge kimoja, akapunguza kingine, akaagiza apimwe nyumbani kila siku.

Ognjen aliwafuata ukumbini. "Amesema mkataba wangu hauongezwi."

"Ulichelewa kusema, Ognjen."

"Najua. Nisamehe."

"Bado nina hasira na wewe." Dunja akamshika kola, akamvuta karibu. "Huna kazi?"

"Sina."

"Basi nitakuoa mimi. Mshahara wa basi utatutosha. Unakubali, hukubali?"

Foleni yote ikageuka kuwatazama, hata waliokuwa wakisukumana.

"Nakubali," alisema Ognjen, machozi yakimlengalenga.