Upande wa Amna

DVD tupu za siku hizi huwezi kuziamini, kwa hiyo mfumo wa kompyuta niliuchoma kwenye mbili. Moja ya kazi, moja ya akiba. Kila moja ilichukua kama robo saa kwenye mashine ya steshenari yetu pale Nachingwea, na mimi nilikaa tu nikiangalia asilimia zikipanda.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Chunyu, upande wa Ruangwa. Ya mezani, ya zamani, haikubali kuwaka kwa flashi. Mzee Kaimu, mkulima wa ufuta, alikuja dukani mara mbili kuniomba niende kwake. Kompyuta ilikuwa mali ya binti yake Amna, mwalimu, aliyefariki mwaka juzi.

"Wajukuu wanataka kujifunzia," aliniambia. "Weka mfumo wa pili, mwanangu. Ila upande wa Amna usifute."

Nikamwambia inawezekana. Mashine moja inabeba mifumo miwili, ukiiwasha inakuuliza unataka upi.

"Na ule wa zamani hauukatai mpya?"

"Haukatai, mzee. Unausogeza kidogo, mwingine unapata nafasi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa swali jingine.

Dastani wa bodaboda alinifikisha jua likizama. Akasema atanisubiri barabarani. Uani hakutaka kuingia, nami sikumuuliza kwa nini.

"Shikamoo mama," nilimwamkia Bi Biasha, mke wa mzee.

"Marahaba." Akanishika mkono wa kushoto. Hakuuachia mpaka nilipokaa.

Sebule ilinukia ubani. Chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine… udongo uliochimbwa leo.

"Wajukuu wako wapi?" niliuliza.

"Wajukuu gani?" alisema Bi Biasha.

Mzee akakohoa. "Fanya kazi, mwanangu. Giza linaingia."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, karibu na mlango wa chumba uliofunikwa pazia. Nikaingiza DVD. Ikazunguka, ikanguruma, kioo kikawaka. Diski ya ndani ilikuwa imejaa vitu vya Amna. Ili kupata nafasi ilibidi nipunguze upande wake, na nikawaeleza hivyo.

Bi Biasha akainama sikioni mwangu.

"Msogeze," alinong'ona. "Taratibu. Asiumie."

Alisema *msogeze*, kama anazungumzia mtu.

Nikabonyeza.

Nyuma ya pazia, kitanda kikalia.

Kriiii…

Mstari kwenye kioo ulisogea kidogo. Kitanda kikalia tena. Kitu kizito kilikuwa kinaburutwa juu ya godoro kuelekea ukutani. Mstari uliposimama, nacho kilisimama. Ulipoendelea, kiliendelea.

Nilitaka kuinuka. Lakini kazi hiyo ikikatwa katikati, diski yote inaharibika.

Kisha vyote viwili vikasimama.

"Amekubali," alisema Bi Biasha.

Mashine ikauliza jina la mtumiaji mpya. Nikawauliza niandike la nani. Wakatazamana.

"Andika la kwako," alisema mzee.

Si ajabu hiyo. Sisi mafundi huandika majina yetu, mwenye mali atabadilisha baadaye. Nikaandika Tabitha kwa mkono wa kulia peke yake, maana wa kushoto ulikuwa umeshaingia ganzi.

Pazia likapepea. Upepo haukuwepo. Baridi ilitoka kule chumbani, ikapita nyuma ya kiti changu, ikafika ubavu wangu wa kushoto.

Haikupita zaidi ya hapo.

Kazi ilipokwisha niliiwasha mashine upya. Mahali pa majina ya mifumo palikuwa na maneno mawili tu.

Amna.

Tabitha.

Bi Biasha akanyoosha kidole, akalichagua la kwanza kwa kibodi. Kioo kikazima, na hakikuwaka tena.

"Basi, mwanangu," alisema. "Imetosha."

Barabarani Dastani alinitazama nikija. "Dada, mbona unaburuta mguu?"

Nikapanda pikipiki. Kwa nini hakuingia uani alinieleza tulipofika Nachingwea, pikipiki ikiwa imezimwa. Amna hakuacha mtoto. Mvua za mwaka jana kaburi lake lilititia, na waliokwenda kulifukia upya walisema halikuwa na kitu. Wazee wakawaambia wanyamaze.

Hospitali walinipima, hawakuona ugonjwa. Ganzi ilipanda kutoka mkononi hadi begani, kisha shavuni. Sasa nusu nzima ya mwili wangu haina habari na mimi. Watu hudhani naogopa. Siogopi. Nimejaribu kuogopa, sipati pa kuanzia.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Kimwera, lugha ya kwao Amna, sikijui. Lakini Zulfa, ninayefanya naye kazi dukani, anasema jua likianza kuzama huwa nakizungumza vizuri tu, kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Kila Ijumaa Bi Biasha hunipigia simu. Ya jana nilipokea nikiwa nafagia.

"Hujambo, Amna?"

Nilitaka kumwambia amekosea namba.

"Sijambo, mama," mdomo wangu ulisema. "Hapa nina nafasi."