Mzee wa Kwenye Kioo

Televisheni ilikuwa haijachomekwa popote, lakini Bibiana alisikia mtu akikohoa ndani yake.

Walikuwa dukani kwa Awadhi, Masasi mjini. Tangu biashara iachiwe huru, vitu vilivyokuwa vikisikika kwenye masimulizi tu vilijaa hadi barazani. Bibiana alitaka televisheni ndogo. Gervas, mumewe, alikwisha kuikumbatia kubwa kuliko zote.

"Baba Nuria, hii ina mtu."

"Mmoja tu? Ngoja nifunge betri, utaona timu nzima!"

Awadhi hakucheka. "Ilirudishwa mara moja," alisema, akitazama pembeni. "Ila ni nzima."

Nuria, binti yao wa miaka saba, aliinamia kioo cheusi. Mtaani kwao Newala walimsifu kwamba hapiti mbele ya mkubwa bila kumwamkia. Akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Hapakuwa na babu. Harufu ya maganda ya korosho yaliyoungua ikajaa duka.

Nyumbani, Nuria alikataa kula. Alishinda mbele ya kioo, picha iwepo isiwepo, akinong'ona, na mgongo wake ukazidi kupinda. Adhuhuri moja Bibiana alimshika mabega amwondoe, na mle kiooni akajiona amesimama vilevile, na kanga yake ileile, ila mabega aliyoyashika yalikuwa ya kizee, makavu, yenye chale, na kichwa kilichokuwa juu yake kikaanza kugeuka taratibu kumtazama, ilhali Nuria, mikononi mwake, hajatikisika hata kidogo.

Alichukua mchi akakipasua kioo.

Gervas alikwenda Lukuledi kumleta Mzee Fikirini, mganga. Mzee alisimuliwa yote akiwa bado mlangoni.

"Umemvunjia nyumba, mwanangu," alinong'ona. "Sasa atatafuta nyingine. Niambie kweli: mtoto alipomwamkia, aliitikiwa?"

"Hapana, baba. Tulisikia kimya tu."

"Basi tumshukuru Mungu. Salamu isiyoitikiwa haijapokewa. Tutaitengua."

Bibiana alilia kwa mara ya kwanza tangu Masasi.

Mkekani, Nuria akakohoa. Kikohozi kilekile. Akainuka akakaa, akamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mjukuu.

"Marahaba," alisema, kwa sauti nzito iliyokauka.

Mkoba wa dawa ukamponyoka Mzee Fikirini. Taratibu, mbele ya mtoto wa miaka saba, akapiga goti.

"Shikamoo," alisema.