Mikono ya Madobi

Nyumba yetu ilinukia sabuni. Mpaka leo nikipita mahali watu wanafua, nikasikia harufu ile ya povu na nguo mbichi, moyo unanirudisha uani kwetu. Kamba zimekatiza huku na huku, mashuka yanapepea, Baba ameinamia beseni kubwa akiimba wimbo ambao hakuwahi kuujua mwisho wake. Mama yuko barazani na pasi ya mkaa, analinyunyizia shati maji kwa ncha za vidole. Baba alikuwa dobi, na mimi nilijivunia kuwa mtoto wa dobi.

Kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kupekua nguo za wateja, nikusanye vifungo vilivyong'oka na kuvitia kwenye kopo. Mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, alilipenda kopo hilo kupita kiasi. Ukilitikisa tu, anakuja mbio kwa magoti huku anacheka mpaka udenda unamtoka. Ndiyo maana tukamwita Kifungo. Sikumpa kamwe alishike, maana chochote kilichoingia mkononi mwake kilikwenda mdomoni.

Kulikuwa na utani mmoja pale nyumbani. Jirani akishangaa mbona hatunawi kabla ya kula, Baba humnyooshea vidole vilivyokunjamana kwa maji, akasema, "Mikono hii inashinda kwenye sabuni. Tunawe nini tena?" Watu hucheka, nasi tunacheka. Tena tuliamini kabisa. Mama alitoa mikono kwenye beseni la nepi na soksi za watu, akaikung'uta, akajifuta kwenye aproni, kisha akamega chakula na kumlisha Kifungo. Nani angethubutu kumfundisha dobi usafi?

Siku moja ya joto kali Kifungo akaanza kuharisha. Asubuhi tulidhani ni meno, maana watu husingizia meno kwa kila kitu. Kufika jioni kinyesi kilikuwa maji matupu, na alitapika pia. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amelea watoto wengi, alisema asipewe maji wala asinyonye sana, kwa kuwa kila kinachoingia kinatoka hapohapo. Liacheni tumbo lipumzike, alisema. Mama alisita, lakini hakuwa mtu wa kumbishia mama mkwe.

Kesho yake nilirudi shuleni nikaenda moja kwa moja kwenye kopo langu. Nikalitikisa. Kifungo alikuwa amelala kwenye mkeka, hakugeuka. Nikalitikisa tena kwa nguvu. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Alilia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka kulia. Hofu ilinishika, nikakimbilia uani.

"Baba, Kifungo analia lakini machozi hayatoki."

Baba aliyaacha mashuka ya watu majini. Alimbeba Kifungo kifuani, nguo zake zikiwa bado zinachuruzika, tukaenda zahanati sote, hata Bibi.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mteja wetu, na sare aliyovaa ilipigwa pasi na Mama. Aliifinya ngozi ya tumbo la Kifungo taratibu, akaiachia. Ilibaki imekunjika kidogo kabla ya kurudi. Akatuuliza mtoto amekunywa nini tangu jana. Bibi akaeleza kwa nini tulimnyima maji.

"Bibi, shikamoo yangu naitanguliza," muuguzi alisema kwa upole. "Lakini kuharisha hakukomi kwa kumnyima maji. Kinachoua watoto ni mwili kuishiwa maji. Kilichotoka lazima kirudishwe."

Alimimina pakiti ya dawa yenye chumvi na sukari kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, akamkabidhi Mama kijiko. Kidogo kidogo, alimwambia. Kifungo akatapika, Mama akataka kuacha. Muuguzi akamwambia asubiri kidogo, kisha aendelee polepole zaidi. Mimi nilikodolea macho kile kijiko. Nilikuwa namwomba Mungu kisimwagike hata tone.

Jua lilipoanza kupoa, Kifungo alikojoa. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia mkojo kiasi kile. Kisha akalia, na chozi likashuka shavuni, na Mama naye akalia. Bibi akanyoosha mkono, akasema, "Nipe kijiko na mimi nimnyweshe mjukuu wangu."

Tulirudi nyumbani na pakiti nyingine za dawa, na vidonge vya zinki ambavyo tuliambiwa tuvimalize hata akiacha kuharisha. Anyonye na ale kama kawaida, muuguzi alisema, na mkiona damu kwenye choo, au akashindwa kunywa, msingoje, mrudisheni. Kisha akauliza vijidudu vilitoka wapi. Baba alijisikia vibaya. Alijibu kwamba labda kwa watu wengine, si kwake, kwake sabuni haikauki.

Muuguzi hakubishana naye. Jibu alilipata mwenyewe alipokuja kuchukua sare zake. Alimwona Mama akitoa mikono kwenye beseni, akiikung'uta, akilifuata bakuli la Kifungo. Akaomba glasi. Akaichovya kwenye beseni, akaiinua juani. Povu lilielea juu, na chini yake maji yalikuwa ya kijivu, yana nyuzi na vichafu vinavyozunguka.

"Kaka, unaweza kunywa haya?"

Baba alicheka kidogo, akidhani ni utani. Muuguzi hakucheka.

"Basi mtoto wako anayanywa. Humu zimefuliwa nepi. Mikono ikitoka humu bila kunawa kwa maji safi, inampelekea kinyesi cha watu mdomoni."

Baba yangu aliitazama mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma. Nilimwonea huruma mno.

Siku hiyohiyo alitoboa dumu kwa msumari wa moto, akalitilia kizibo cha mti, akalitundika karibu na mlango wa jikoni. Kipande cha sabuni alikitia kwenye soksi ya mteja ambaye hakuwahi kuifuata, akaining'iniza pembeni. Ukitoka kwenye beseni, ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, ukitaka kupika au kula, unapita hapo kwanza. Bibi akajipa kazi ya kuchemsha maji ya kunywa na kuyafunika, na ole wake aliyechovya kikombe alichonywea mtungini mwake. Tulimwita askari wa mtungi.

Wateja walimcheka Baba, eti dobi ana mahali pa kunawia. Yeye aliwajibu bila aibu. "Nilifua nguo za mtaa mzima, nikasahau vidole vyangu. Mikono yenye povu siyo mikono iliyonawa. Na mtoto akiharisha, mpeni maji na mumkimbize kwa muuguzi."

Bibi hayupo tena, na Baba amezeeka. Siku hizi anayefua ni Kifungo, kijana mrefu mwenye sauti nzito. Kila nikienda kuwaona, kabla hata sijamkumbatia, ananizuia mlangoni.

"Dada, dumu liko pale."

Nami nanawa taratibu, maji yale yakinidondokea vidoleni, na namsikia akilitikisa kopo la vifungo ndani, akinicheka kwamba nachelewa.