Upande wa Pili wa Santuri

Siku ya soko mjini Sultan Hamud hakuna anayeangalia nyuma, na ndivyo Mulei, akikwepa mkokoteni wa nyanya, alivyoikalia cherehani ya Nthenya. Uzi ukakatika na gauni la mteja likachanika kwapani.

"Wee! Hiyo ni kiti?" Nthenya alifoka.

Mulei aligeuka. Alivaa shati la maua na suruali iliyofagia vumbi, gitaa mgongoni. Akamwona msichana wa gauni la manjano, pini midomoni, macho makali.

"Pole, mrembo. Natafuta fundi wa kushona shati za bendi."

"Kwa kumkalia?"

"Nilikuwa napima kama cherehani iko imara."

Nthenya hakutaka kucheka, lakini pini zilimtoka midomoni.

Mashati ya bendi yake, Thange Jazz, yalikuwa sita tu, lakini Mulei alikuja kupimwa lake tena na tena hadi Mutindi, mwenye hoteli ambayo Nthenya alishonea barazani, akauliza kama kifua cha huyo kijana kinakua kila wiki. Bendi ilipiga Makindu Jumapili alasiri. Nthenya hakuthubutu kwenda. Baba yake, mzee Ndululu, alikuwa mzee wa kanisa, na kwake gitaa lililopigiwa wanywaji lilikuwa la shetani, nyuzi zote. Basi mapenzi yakaishi kwenye simu ya hoteli.

"Haloo, sukari yangu."

"Sukari imepanda bei. Sema haraka, Mutindi anasikiza."

"Wacha asikize. Siku moja atanisikia nikikuposa."

"Na baba je?"

Hapo Mulei aliaga kila mara, na swali hilo Nthenya alilala nalo.

Kisha Mulei akaenda Nairobi kurekodi. Hakupiga simu. Nthenya alishona pindo zikaenda upande, akafumua, akashona tena. Ndipo asubuhi moja redio ya Mutindi ikatoa sauti aliyoijua, ikiimba Kikamba: *Kalunde, kiveti kyakwa*. Kalunde, mke wangu, ningojee Ikutha, nakuja na blanketi, nakuja na sukari.

Mguu wa Nthenya uliganda juu ya pedali. Mke! Hata sukari ilikuwa ya mwingine.

Jioni simu ililia.

"Umeisikia?" Mulei alikuwa akicheka kwa furaha.

"Nimesikia. Msalimie Kalunde."

"Nani? Aa! Ngoja, mpenzi, wimbo iko na upande wa pili..."

"Basi nenda ukakae upande huo!"

Akabwaga simu. Ilipolia tena kesho yake, na kesho kutwa, alimwambia Mutindi aseme fundi amehama. Moyo ulimuuma hadi akashindwa kula. Kwa hasira hiyohiyo akamjibu baba yake kwamba watu wa mwalimu Kiema, waliokuwa wakibisha hodi kumposa muda mrefu, waje tu. Mzee Ndululu alifurahi. Wangekuja Jumamosi na mbuzi watatu wa ntheo. Na Ukambani mbuzi wa ntheo wakishapokelewa kwenu, wewe ni mke wa mtu.

Ijumaa Mutindi alinunua santuri yenyewe. Akaipiga, na Nthenya akaziba masikio. Upande wa kwanza ulipoisha, Mutindi akaigeuza kwa sababu wateja walitaka kuendelea kucheza.

*Kalunde, meno yameisha yote. Mama alipokufa ulinibeba mgongoni, ukaniita mume wako. Nakuletea ugoro, susu wakwa.*

Susu. Nyanya yake Mulei!

Nthenya alisimama, kitambaa kikaanguka. Babu yake mwenyewe alimwita mke wangu mpaka siku ya kuzikwa, na yeye alimjibu "naam, mume wangu" bila kufikiri. Angejuaje? Redio ilipiga upande mmoja tu.

Alikimbilia simu. Makindu ilichelewa kupatikana, kisha sauti ya mlevi ikasema, "Mulei? Ameenda kwao Ikutha. Amebeba nguo zake zote."

"Atarudi lini?"

"Mama, mimi napiga ngoma tu."

Amechoka nami, Nthenya aliwaza. Ameondoka na ni mimi niliyemfukuza.

Jumamosi watu wa Kiema walifika wamepiga suti, mbuzi wakilia. Kiema mwenyewe alitabasamu kwa adabu. Mzee Ndululu aliinua mkono kufungua lango, na Nthenya akasimama mbele yake.

"Baba, usifungue. Nilikudanganya. Nampenda mtu mwingine."

"Nani? Yuko wapi?"

"Sijui yuko wapi."

"Hujui?" Mzee alitazama wageni kwa aibu. "Unarudisha mbuzi za watu kwa sababu ya mtu hujui aliko?"

"Ndiyo, baba. Hata asipokuja."

Kiema aliinamisha kichwa. Mbuzi wakaanza kutafuna ua. Ndipo nyuma ya wageni kikongwe mmoja akajipenyeza, amevaa blanketi jipya, ameshikwa mkono na Mulei aliyechomekea shati vizuri mara ya kwanza maishani mwake.

"Mama, wewe ni nani?" mzee Ndululu aliuliza.

"Mimi ni bibi ya huyu kijana," Kalunde akajibu kwa fizi tupu. "Nimemchoka. Hapiki, hachoti maji, ni gitaa tu. Nimesikia hapa kuna msichana anamtaka, nimekuja nimpe mwenyewe."

Mzee Ndululu alijaribu kukunja uso, lakini naye alikuwa na nyanya zamani. Mdomo ukamsaliti kwa tabasamu. Aliwageukia watu wa Kiema, akawaomba msamaha kwa sauti ya chini, akawasindikiza hadi njiani. Alirudi polepole, akasimama mbele ya Mulei.

"Na mbuzi zako ziko wapi?"

"Ziko Ikutha, baba."

"Usiniite baba," alisema mzee, akifungua lango. "Utaniita nikiona mbuzi."

Kalunde akapita wa kwanza. Nthenya alimshika Mulei mkono mbele ya watu wote, na wala hakuuachia.